Nimetumwa kumpokea Mama uwanja wa ndege, akatokea mwanaume mwenye sharubu

Stoo_Gerezani

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, ila bila kisa chake halieleweki, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi mtu wa Pangani. Nina wiki tatu hapa Dar, natunza stoo kwenye duka moja la spea za magari Gerezani. Wenye duka ni Wahindi, Wagujarati, wa hapahapa nchini. Bosi kijana kazaliwa Tanga mjini, na Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Wiki yangu ya kwanza, Alhamisi jioni tunafunga, akaniambia: "Kesho chukua gari ukampokee Mama. Anaingia na ndege ya saa nne kutoka Mwanza. Goti linamsumbua, usimtembeze."

Mgeni kazini, halafu unakabidhiwa mama wa bosi! Usiku usingizi ulikuja kwa kuibia. Asubuhi nikaosha gari, nikatandika khanga mpya kiti cha nyuma, nikanunua maji makubwa. Nikakata ubavu wa boksi la fani belti, nikaandika kwa kalamu nene nyeusi: MAMA. Kuna mzee mmoja wa stoo, ana miaka zaidi ya ishirini pale dukani. Alinitazama naandika mpaka nikamaliza, akasema bila kucheka hata kidogo: "Uwaombe na kiti cha magurudumu kabisa. Mama mzito yule." Akarudi kuhesabu beringi zake.

Nikafika, nikaomba kiti, nikapewa na kijana wa kukisukuma. Abiria wakaanza kutoka. Kila mama wa Kihindi aliyejitokeza nilimpungia boksi. Wawili walinitazama kama mtu ambaye malaria imempanda kichwani. Watu wakaisha. Nimebaki mimi, kijana na kiti. Ndipo likatoka jibaba la miaka sitini hivi, vifungo viwili vya shati wazi, sharubu kama usukani wa baiskeli, linachechemea, mkono mmoja begi, mkono mwingine ndoo ya achari. Likaja moja kwa moja mpaka kwenye boksi langu, likasoma.

"Umetumwa na dukani?"

"Ndiyo mzee, nampokea Mama."

"Mama ndiyo mimi. Na hicho kiti?"

"Cha Mama."

"Basi sukuma."

Akakaa. Madereva teksi pale nje bado wananikumbuka.

Sasa swali. Nimerudi dukani nikafanya uchunguzi, nimekuta nyumba ile maneno yetu yote wanayo lakini yamevaa kanzu. *Mama* ni mjomba, kaka wa mama. *Kaka* ni baba mdogo. *Dada* ni babu mzaa baba, na *nana* ni babu mzaa mama. Wanaume watupu! Na mama mwenyewe, aliyezaa, wanamwita *Ba*. Ba! Kwetu Pangani Ba ni baba. Ukisikia "Ba Mwajuma" ujue anaitwa baba yake Mwajuma.

Nani kaligeuza neno hili, sisi au wao? Au kuna mahali tulikutana tukabadilishana kwa makosa, kama watu wanavyobadilishana kandambili msikitini?

Binti_wa_Nyeri

Nimecheka mpaka mwenzangu wa ofisi akauliza kuna nini. Ndugu, usiwalaumu Wahindi peke yao. Njoo Nyeri. Mimi nina mama wanne na wote wananyoa ndevu.

Kwa Kikuyu *mama* ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama yako. Aliyekuzaa ni *maitũ*. *Tata* ni shangazi. *Baba* ndiye pekee tunayeelewana naye na nyinyi watu wa pwani.

Yaliyonipata sitasahau. Darasa la tatu, shule ya kijijini, mwalimu wa Kiswahili katoka mbali, hajui Kikuyu hata salamu. Akatupa insha: "Mama Yangu." Sisi Kiswahili tulikuwa tunakijua cha kwenye kitabu tu, na nyumbani hakikuongelewa. Mimi nikaona, huyu mwalimu anataka habari za mama, mama ninao, ngoja nimchague yule ninayempenda. Nikaandika: "Mama yangu ni dereva wa lori. Anavuta sigara. Ana ndevu nyingi na sauti kubwa. Akija kwetu hutuletea mkate, na maitũ humchinjia kuku."

Daftari lilirudi na mstari mwekundu chini ya "ndevu", na alama ya kuuliza kubwa kama ndoano ya samaki. Nikaitwa mbele nisome kwa sauti. Nilisoma. Darasa zima halikucheka, maana kila mmoja alikuwa na mama wa namna hiyo. Aliyecheka ni mwalimu peke yake, na sisi tukashangaa anacheka nini.

Siku hizi lakini neno linapotea. Watoto wa dada yangu wanaoishi mjini wananiita mimi tata, lakini kaka zangu wanawaita anko. Nimewauliza kwa nini wasiseme mama, wakaniambia wataonekana hawana akili.

Baharia_Mstaafu

Naongeza chumvi kidogo. Nimekula bahari miaka mingi, nikianzia Kilindini. Meli moja tulikuwa na mpishi kutoka Sri Lanka, Msinhala, mtu wa watu. Siku moja nauliza pale mezani: "Nani kala mkate wangu?" Yule bwana ananyoosha kidole kifuani kwake: "Mama." Namuuliza tena, ananijibu: "Mama, mama." Nikadhani ananitukana mama. Nusura tushikane.

Bosi wa sitaha ndiye alitutenganisha. Kwa Kisinhala *mama* ni "mimi". Basi. Alikuwa anakiri kosa, mtu mwungwana, nami nimekunja ngumi. Baadaye akanifundisha kwamba ukiivuta sauti, *māmā*, basi ni mjomba, kama kwa mleta uzi. Kwa hiyo yule mpishi angeweza kusema sentensi nzima, "mimi ni mjomba", kwa neno moja analivuta mara ya pili.

Na Las Palmas, visiwa vya Wahispania, nilimpeleka mwenzetu hospitali. Ukutani kuna bango limeandikwa *cáncer de mama*. Nikasikitika, nikasema, kumbe huku kuna saratani inayochagua wenye watoto. Muuguzi akanielewesha kwa ishara, na ishara yenyewe ilinitia haya: *mama* ni titi. Mzazi wanamwita *mamá*, wanakaza mwishoni. Ukiweka mkazo pasipo mahali pake umeshatoka kwenye heshima.

Kodi_Imepanda

Mimi naomba tu mnitafutie lugha ambayo "baba mwenye nyumba" maana yake ni mtu mwenye huruma. Endeleeni.

Mswahili_Tbilisi

Wakuu, nasoma udaktari Georgia, nchi ya Kaukazi, si lile jimbo la Marekani. Huku tumepigwa na butwaa kuliko ninyi nyote. *Mama* ni baba. Baba mzazi kabisa. Na mama ni *deda*.

Mwezi wangu wa kwanza nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia. Bomba likapasuka jikoni saa mbili usiku. Nagonga mlango wao, anafungua mtoto wa miaka mitano. Kigeorgia sijui, nikasema neno ambalo niliamini dunia nzima inalijua: "Mama! Mama!" Mtoto akaitika kwa kichwa, akakimbia ndani. Akarudi na baba yake, kavaa singlendi, anatafuna. Nikamwambia mtoto hapana, mama. Mtoto akamshika baba yake mkono, akamsogeza mbele zaidi, kwa msisitizo, kama anayesema: huyu hapa, au macho huna?

Padri wao naye ukimwita unasema *mamao*. Na pale mlimani juu ya mji kuna sanamu kubwa ya mwanamke, imesimama tangu 1958, mkono mmoja bakuli la mvinyo kwa ajili ya wageni, mkono mwingine upanga kwa ajili ya wasiokaribishwa. Jina lake Kartlis Deda, Mama wa Georgia. Kila nikipita nasema kimoyomoyo, huyu ni dada yetu wa Kiswahili kabadilishiwa cheti.

Lakini kilichoninyima usingizi ni hiki. Babu kwa Kigeorgia ni *babua*. Bibi ni *bebia*. Babu na bibi tumeelewana, baba na mama ndiyo tumepishana. Nani ataniambia hiyo imetokeaje, na hatujawahi hata kuuziana chumvi?

Mwalimu_Mgeta

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nilifundisha Kiswahili sekondari hadi kustaafu, sasa nalima kabichi na kulea mjukuu, na huyo mjukuu ndiye atanisaidia kujibu.

Ana miezi saba. Usiku akiamka anaanza: *mamamamama*. Mama yake anasema, sikia, ananiita. Akishashiba asubuhi anapiga *babababa*, baba yake anavimba kichwa, anasema, sikia, ananiita mimi. Mimi nawatazama tu. Mtoto hajamwita mtu. Anafungua na kufumba midomo. Ukifumba ukaachia hewa kwa mdomo unapata *ba* au *pa*. Ukiachia kwa pua unapata *ma*. Kazi rahisi kuliko zote ambazo mdomo wa binadamu unaweza kufanya, na ndiyo maana watoto wa Mgeta na wa Tbilisi wanaanzia palepale.

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, George Peter Murdock, alichapisha orodha ya maneno 1,072 ya watoto ya kuwaitia wazazi, kutoka lugha za mabara yote: 531 ya mama, 541 ya baba. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Moscow, akaichukua orodha ile akaichambua. Akakuta katika maneno ya mama, zaidi ya nusu, asilimia 55, yana sauti za pua, m au n na jamaa zake. Katika ya baba ni asilimia 15 tu. Maelezo yake nayapenda kwa sababu yanaweza kupimwa jikoni kwako. Mtoto akiwa ananyonya, midomo imeziba. Akitaka kutoa sauti ya kuridhika, njia iliyobaki ni pua. Inatoka *mmm*. Baadaye akiliona titi kwa mbali, au chupa, au yule mwenye titi, anatoa sauti ileile ya kuomba. Wakubwa wakisikia wanaamua wenyewe: hilo ni jina la mtu.

Neno, kwa hiyo, analileta mtoto, ila maana anaitia mtu mzima. Ndiyo sababu Mhispania, kutoka Kilatini, akalibandika kwenye titi lenyewe. Huko huko ndiko Linnaeus alikochota mwaka 1758 alipowaita wanyama wanaonyonyesha *Mammalia*, nasi tukafundisha "mamalia" darasani miaka yote bila kumwambia mtoto kwamba neno hilo ni titi. Wengi tukalibandika kwa mwenye titi. Wageorgia wakalibandika kwa baba. Na si wao tu: huko Australia kuna watu wa jangwani wanaosema Kipitjantjatjara, nao *mama* ni baba. Labda usiku ule wa kwanza wanaume wa huko ndio waliowahi kuamka. Huo ni utani wangu, msiuweke kwenye mtihani.

Na *babua* na *bebia*, kijana wangu wa Tbilisi, ni mdomo uleule wa mtoto. Undugu wa damu hapo hakuna.

Binti_wa_Nyeri

Mwalimu shikamoo. Nimeelewa mama na baba. Lakini mjomba aliingia mlango gani? Mjomba hajamnyonyesha mtu. Na isiwe mmeanza kusema Wakikuyu tuliazima mjomba kwa wenye maduka.

Mwalimu_Mgeta

Marahaba binti. Swali zuri, na hilo la kuazima tulifunge kwanza. Wahindi wengi waliingia bara ya Kenya na reli, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899. Huwezi kuniambia Wakikuyu walikuwa na wajomba wasio na jina, wanasubiri reli.

Mimi naona hivi. Katika nyumba nyingi za kale mtoto ana pande mbili, ya baba na ya mama, na kila upande una kazi zake. Sauti ya *ma* ikishakuwa ya mama, inakuwa ya upande mzima: mama, ndugu zake, kwao. Kaka yake mama ni mama vilevile, ila wa kiume. Na kuna ndugu zetu Wabantu wanaolitamka waziwazi. Mzulu anamwita *umalume*. Mchewa wa Malawi, *malume*. Likate neno uone: *ma* ya mama, na *lume* ambayo ndiyo -ume yetu ya mwanamume. Mama mwanamume! Yule jibaba wa mleta uzi, kwa Kizulu angepita bila kuulizwa.

Huku kwetu Uluguru ukoo ni wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya shamba na ndoa. Baba alikuwa mtu wa heshima, anapewa kiti. Lakini ukitaka jambo liamuliwe unamfuata mjomba.

La *kaka* ni habari nyingine. Hilo si mdomo wa mtoto tu. Kule Shiraz, Uajemi, kaka ni ndugu wa kiume, na Wakurdi humwita kaka mkubwa hivyohivyo. Wengi tunalihesabu kuwa limekuja na majahazi. Hapo kandambili kweli zilibadilishana.

Mrundi_wa_Kigoma

Mwalimu yuko sahihi. Kirundi na Kinyarwanda mjomba ni *marume*. Nilikuwa nalisema tangu utoto na sijawahi kulikata kati kuona kuna mama mle ndani. Leo nimempigia marume wangu kumweleza kwamba yeye ni mama dume. Amekata simu.

Umm_wa_Maskati

Assalaam aleikum. Mimi sina elimu ya lugha, ila nina mama watatu kwa Kiswahili hiki hiki, sijavuka kwenda kwa Wageorgia.

Niko Maskati, kazi za ndani, mwaka wa tano. Huku bibi wa nyumba anaitwa mama na bwana anaitwa baba, hata awe nani. Mama wangu ana miaka ishirini na saba. Mimi nina thelathini na nne. Asubuhi nasema "naam mama", na yeye anamgeukia mwanawe wa miaka mitatu anamwambia "yalla mama, kula mama". Mara ya kwanza nilidhani kachanganyikiwa, mama anamwita mtoto mama. Kumbe ndivyo wanavyobembeleza: mzazi anamwita mtoto kwa jina ambalo mtoto angemwita yeye. Basi chumba kimoja tunaitana mama watatu, na kati yetu aliyezaa kwa mtoto yule ni mmoja.

Halafu nikakumbuka kwamba hata baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Akikasirika tu ndiyo ananiita jina. Nikisikia "njoo mama" nilijua kuna pipi mfukoni.

Wa tatu ni huyu. Mwanangu ana miaka saba, yuko Tanga kwa mama yangu. Nilimwacha ana miaka miwili, maneno yanaanza anza tu. Bibi yake ndiye anayemwita mama. Ni haki yake, yeye ndiye anayeamka usiku. Mimi naitwa Mama Maskati. Kama jina la duka. Juzi kwenye simu ya video alikuwa ananionyesha jino lililong'oka, bibi yake akapita nyuma, mtoto akageuka akaita "Mama!" na sisi wawili tukaitika.

Stoo_Gerezani

Dada yangu, nimesoma hilo la jino mara tatu. Sina la kuongeza, ila mimi kwenda Tanga ni kila mwisho wa mwezi. Kama kuna mzigo wa kumpelekea mtoto ukifika Dar, niambie kwa ujumbe wa faragha.

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Lile la "mama mwanamume" nimelibeba leo mpaka dukani nikamweleza mwenyewe. Mama, yaani. Alikuwa amekaa nje kwenye kreti la soda, mguu umenyooka, anakunywa chai. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanza kuna watu wanadhani Mama ni jina la ukoo wangu. Kuna mmoja kaniandikia risiti, Bwana Mama."

Kisha akanieleza kilichomleta, na hapo ndipo nilipoelewa neno lenyewe lina kazi gani. Dada yake bosi anaolewa Jumamosi. Kwao siku hiyo upande wa mama wote unasimama juu ya mabega ya mjomba. Yeye ndiye anayeleta zawadi za bibi harusi, na shughuli yenyewe inaitwa *mameru*, sikilizeni mama alivyokaa mle ndani. Akanipandisha ghorofani anionyeshe. Lile begi nililolitupa kwenye buti kama gunia la boliti, ndani lilikuwa limefungwa kwa shuka jeupe, na ndani ya shuka kuna sari: nyeupe, imepigwa pindo jekundu, nyuzi za dhahabu. Wanaiita *panetar*. Ameinunua yeye, na bibi harusi hawezi kuvaa ya mtu mwingine akatoka mbele za watu. Na atakayemshika mkono kumpeleka mpaka kwenye kiti cha ndoa ni yeye huyohuyo, na goti lake hilo.

Bibi harusi alikuwa pale pembeni anapima bangili. Nikamuuliza, sasa ninyi utotoni hamkuchanganyikiwa, dukani mama ni huyu na kwa jirani Mswahili mama ni yule? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mbona hata mwezi kwetu ni mama. Chanda Mama. Watoto wote wa Kihindi wanaimbiwa hivyo kabla ya kulala, mjomba Mwezi. Mimi nilikuwa namwambia yaya wetu, tazama, Mama ametoka juu ya mwembe, na yeye anakimbilia getini kufungua."

Yule mzee wa stoo nimemuuliza kwa nini hakuniambia siku ile naandika boksi. Kasema na yeye alipoanza kazi alitumwa hivyohivyo, stesheni ya reli, na alikwenda na mto wa kukalia.

Mama anarudi Mwanza Jumatatu. Kaniita pembeni, anauliza kama kile kiti bado kipo.